Jibu la Man Tsou

Peking, 11 Oktoba 1964

Dada Nelima,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama, na kwa cherehani yako ambayo naamini bado inapiga kelele kuliko mwenyewe. Mimi mzima. Chakula ni kabichi na mikate ya mvuke. Baridi imeanza, na koti ulilonishonea linanifaa, ingawa mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Niliuona tangu Kisumu nikanyamaza. Sasa niko mbali, huwezi kunifanya kitu.

Jambo lenyewe ni lugha. Udaktari hatuanzi mpaka tumalize mwaka mzima wa Kichina. Mwalimu wetu ni mama mmoja mwembamba, Mwalimu Lin, naye ameanza na vitenzi vya nyumbani: kaa, kula, ngoja, ingia. Anasema kitenzi kitupu ni amri ya askari. Ukitaka kusema kama mtu aliyelelewa, unatanguliza ching, yaani tafadhali. Tswo ni kaa, basi ching tswo ni karibu ukae. Chi ni kula, na ching chi ni karibu chakula.

Juzi nimeaibika. Nilisimama kujitambulisha: mimi ni mwanafunzi. "Mimi" kwao ni wo, na hilo "ni" lao ni shi. Ulimi ukanirudisha kwa Mama, kwenye sule na samba za Kijaluo chake kisicho na sh, nikasema si. Kumbe si ni kufa. Nimesimama mbele ya watu nikawaambia ninakufa. Mwalimu Lin hakucheka. Aliniambia taratibu kwamba kitenzi hicho hakitamkwi hovyo nyumbani mwa watu.

Msomee Mama maneno haya. Alinishika mkono pale stesheni akasema nitarudi na lugha asiyoijua, naye awe mgeni kwa mtoto wake mwenyewe. Maneno hayo hayajanitoka. Mwambie ajifunze kidogo kidogo, ili siku nikiingia mlangoni anikaribishe yeye: ching tswo.

Ndugu yako,
Enos


Kisumu, 6 Desemba 1964

Enos mdogo wangu,

Barua yako imefika baada ya kuzunguka dunia, nayo imefunguliwa pembeni ikagandishwa tena kwa gundi mbaya. Aliyeisoma naye sasa anajua habari za mkono wa koti. Shukuru una koti.

Sisi tuko. Ziwa limepanda tena. Kwa Mjomba Zadock kule Pap Onditi maji yameingia mpaka jikoni, wamehamia kwa watu. Hapa Nyamasaria ni matope tu, na wateja wangu wanakuja dukani na viatu mkononi. Tangu Baba atutoke nyumba imekuwa kimya, lakini kimya hicho umekimaliza wewe na Kichina chako.

Nilipofika kwenye chi, Mama akanizuia. Akasema hao si watu wa mbali, hao ni Wajaluo waliomeza nusu ya neno, maana chiem ndiyo kula kwa Kijaluo. Nikamkumbusha kwamba chi kwa Kijaluo ni mke wa mtu. Akasema, "Basi Enos asiseme ching chi mbele ya waume za watu."

Sasa kila anayeingia hapa anaambiwa ching tswo. Pasta aliambiwa, akakaa bila kuuliza. Kuku wanaambiwa, hawakai. Na ameniagiza nikuandikie sentensi yake, herufi kwa herufi kama anavyoitamka. Ni hii: Wo si mama. Nimemwambia, Mama, Enos ameeleza, hapo hujasema wewe ni mama, umesema unakufa. Amenijibu, "Enos anajua ninachosema. Wachina shauri yao."

Miguu inamvimba kidogo jioni. Usiulize sana.

Dada yako,
Nelima


Peking, 2 Februari 1965

Dada,

Salamu kwenu. Mwaka mpya wa huku unasherehekewa leo. Fataki zinalia tangu asubuhi, na sisi wanafunzi tumepewa nyama, ikaliwa mpaka mifupa. Mwenzangu wa chumbani anatoka Zanzibar, tunasaidiana kulalamika juu ya baridi.

Umeandika nisiulize sana, kwa hiyo sijafanya kingine ila kuuliza, moyoni. Inavimba miguu yote miwili? Akilala anapumua sawa, au anainuka kuketi? Mimi si daktari bado, lakini ni mtoto wake. Nijibu.

Sentensi yake nimeisoma nikacheka mpaka machozi. Nikamwonyesha Mwalimu Lin. Yeye alicheka kidogo tu, akasema mama huyu asisahihishwe.

Mpe mengine mawili. Huku kitenzi kikirudiwa kinalainika. Deng ni ngoja, lakini deng deng ni ngoja kidogo, bila kukaripia. La pili ni la kuagana. Mgeni anapoondoka, mwenye nyumba humsindikiza nje na kumwambia man tsou. Tsou ni enda, man ni polepole. Ukimwambia mgeni aende upesi umemfukuza. Ukimwambia aende polepole, amejua bado ulikuwa unamtaka.

Mwambie Mama: deng deng. Ninakuja.

Enos


Kisumu, 4 Aprili 1965

Enos,

Hujambo huko. Mvua imeshika, ziwa halijashuka, na bei ya samaki imepanda pamoja nalo. Nimepata kazi ya kushona sare za kwaya, vitambaa vimejaa nyumba nzima.

Umeniambia nikujibu, nami nakujibu. Ni miguu yote miwili. Usiku alikuwa anaketi kwenye kiti kwa sababu akilala pumzi inakata. Amelazwa tangu mwezi uliopita. Daktari anasema ni moyo. Amenikataza kukuandikia haya, na nimeapa mbele yake sitaandika, sasa naandika. Mungu atanisamehe, Mama sijui.

Usidhani yuko pale anaugulia tu. Wodi nzima inasema Kichina. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi kwake, Mama anainua mkono anamwambia man tsou. Nesi mmoja, Agneta, naye ameanza. Mzee wa wodi ya pili aliuliza kama hilo ni neno la Kitabu. Mama akamwambia ni neno la wuoda, mwanangu, kwa hiyo ni karibu sawa.

Kuhusu deng deng, anasema anangoja, hana haraka. Mimi nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo. Akanikazia macho kama zamani.

Na amesema jambo jingine, amelirudia mpaka nikamwahidi: "Asije. Aketi huko asome." Ndivyo alivyosema. Wo si mama inakusalimu.

Nelima


Peking, 23 Mei 1965

Dada,

Salamu kwako, na kwa Mama kitandani. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako imenikuta darasani na sikusikia tena lililofundishwa. Sasa sikiliza. Wako wenzetu wawili wanaorudi Kenya mwishoni mwa Julai, na nafasi moja katika safari yao iko wazi. Nimeulizia. Naweza kuipata, lakini anayeondoka harudi. Udaktari utakuwa umekwisha kabla haujaanza, na nitashuka Kisumu na vitenzi vya kukaribisha wageni tu.

Haidhuru. Nataka kumwona. Nataka aniambie ching tswo kwa mdomo wake, nikae, halafu lije litakalokuja. Usinipime kama nina nguvu, usimsikilize Mama, usimwulize pasta. Andika neno moja, njoo, na mimi nitakuja.

Ninangoja barua yako kila siku ya posta.

Enos


Kisumu, 11 Julai 1965

Mdogo wangu Enos,

Salamu kutoka kwetu sote. Barua yako imechelewa njiani. Mvua imekatika, barabara ya Nyamasaria inapitika.

Usije. Mama alisema usome, na neno lake ni lile lile. Ametoka hospitali. Miguu haimsumbui tena wala pumzi. Usiwe na wasiwasi juu yake.

Anakusalimu: Wo shi mama. Ching deng deng.

Nina kazi nyingi, nitaandika siku nyingine.

Nelima


Peking, 5 Septemba 1965

Dada Nelima,

Salamu. Sikuondoka. Wale wenzetu wamefika Nairobi, nimesikia. Masomo ya udaktari yanaanza wiki ijayo.

Habari zako ni fupi sana, si desturi yako. Kuku bado wanaambiwa wakae? Agneta wa hospitali bado anasema man tsou?

Mwombe Mama anitumie sentensi nyingine. Iandike kama anavyoitamka.

Enos


Kisumu, 14 Novemba 1965

Enos,

Pokea salamu tele. Hapa ni heri tupu. Mjomba Zadock amerudi kwake, maji yamepungua, amepata kambare wamekwama shambani kwenye mahindi, wakawala wiki nzima. Sare za kwaya nimemaliza, wakazivaa Kisumu kote, kila mtu anauliza ni nani fundi. Nimenunua taa mpya. Kuku wametaga. Mama anakula vizuri, jana amekula ugali akaongeza, akapiga hadithi za zamani, akamcheka Zadock. Anakwenda kanisani kwa miguu yake. Agneta anatutembelea.

Sentensi uliyoomba ni hii: Wo shi mama. Ching tswo, ching chi chi.

Nina swali, si langu. Jirani yetu Metrine amefiwa na mumewe. Mtoto wao yuko kazini Kampala na hajaambiwa mpaka leo, kwa sababu marehemu mwenyewe alikataza asisumbuliwe. Sasa Metrine amebaki na neno kooni. Hajui aanze vipi, kila akianza mkono unakataa. Nikamwambia nina ndugu anakaa na watu wenye adabu ya maneno, nitamwuliza. Hao Wachina, jambo hilo wanalisemaje kwa upole? Si kwa kile kitenzi kibaya.

Nelima


Peking, 16 Januari 1966

Dada,

Nakusalimu. Huku ni barafu. Koti lako bado linanishika, na ule mkono mrefu naukunja.

Kwanza swali la Metrine. Kile kitenzi hawakitumii ndani ya nyumba. Wanasema tsou le. Tsou unaijua, ni enda. Le inaonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka. Kwa hiyo mtoto wa Kampala aambiwe tu: Baba tsou le. Sikuwa na uhakika nikamwuliza Mwalimu Lin. Naye akaniuliza ni nani aliyeondoka. Nikamwambia ni mama yangu.

Ndiyo, Dada. Najua. Nimejua tangu barua yako ya Julai.

Mama hakuwahi kusema shi. Umesahau? Sule, samba, mosi wa kuni. Mwalimu wa sule alitunyoosha ulimi mimi na wewe kwa kiboko, yeye hakunyooshwa na mtu. Leo alazwe hospitali, atoke anasema shi kama mzaliwa wa Peking? Nilisoma mstari ule, nikaona mwandiko wako, nikamtafuta Mama ndani yake, hayumo. Nililia mpaka yule Mzanzibari akaja kukaa kitandani pangu.

Utauliza kwa nini nimenyamaza. Nilijua nikikuambia nimejua, salamu zake zitakoma. Ndiyo maana nikaomba sentensi nyingine. Nilitaka unidanganye tena. Ukanidanganya vizuri, na ugali ukamwongezea, nami nikaisoma ile barua kama mtu mwenye mama.

Lakini nimekukasirikia. Nilikuomba neno moja na hukuliandika. Nimekukasirikia sana, Dada, na bado kila siku ya posta nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Sasa niambie.

Enos


Kisumu, 20 Machi 1966

Enos ndugu yangu,

Leo sina salamu za kurembesha. Mama tsou le. Nimeandika kwa Kichina, maana kwa Kiswahili nimejaribu tangu mwaka jana na karatasi zote zimewasha jiko.

Alituacha mwanzoni mwa Mei. Ulipoketi kuniandikia kwamba unataka kuja, tulikuwa tumekwisha kumpeleka nyumbani Bungoma kwa lori na kumlaza kando ya Baba. Ningeandika njoo, ungekuja kwenye udongo, na udaktari ungekufa vile vile. Ndiyo hesabu niliyopiga. Sisemi ilikuwa haki. Alikuwa ameniapisha mara mbili, na kiapo cha kwanza nilikuwa nimekwisha kukivunja. Cha pili, cha kwamba usije, niliogopa.

Lile shi nililiweka mimi. Nilitaka walau mara moja aseme sawa, hao watu wasimcheke. Sikujua nilikuwa namfuta.

Nikasirikie, ni haki yako. Mimi pia nimejikasirikia, nikashona sare za watu huku nalia juu ya kitambaa. Metrine hayuko. Hapa jirani yetu ni stoo ya mahindi.

Nikueleze siku ya mwisho. Alikuwa mchangamfu, nilimsuka nywele. Kengele ya wageni ikalia, nikasimama na kikapu changu. Akainua mkono vile anavyowainulia wagonjwa wenzake, akasema, "Nelima, man tsou." Nikataka kumjibu kwa lugha ile ile, nimfurahishe, nikakuta sina jibu. Wewe hukutufundisha. Nilisimama pale kama mjinga, nikamwambia, haya Mama, kesho. Asubuhi nilipofika na uji, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Hilo ndilo linaloninyima raha, kuliko hata uongo. Mtu akiambiwa man tsou, anajibu nini?

Nelima


Peking, 8 Mei 1966

Dada yangu Nelima,

Salamu zangu zote ni zako sasa, usimgawie mtu. Hasira imepungua. Nimesoma habari ya uji nikaona umebeba peke yako mzigo uliokuwa wetu wawili, na kwa hilo nisamehe.

Swali lako nimelipeleka kwa Mwalimu Lin. Jibu lipo, lakini hakuwa ametufundisha kwa sababu sisi hatukuwa tumewahi kusindikizwa na mtu. Ni hili: ching liu bu. Liu ni kubaki, bu ni hatua. Anayeondoka ndiye hulisema. Anamwambia mwenyeji, tafadhali bakisha hatua zako hapo, usinisindikize zaidi. Hasemi kwa ubaya. Anasema kwa sababu anajua, asipomzuia, mwenyeji atafuatana naye mpaka barabarani.

Nimelifikiria siku nyingi. Dada, ulishika kikapu wewe, lakini aliyekuwa anaondoka si wewe. Mama alikuwa amezoea tu kuwa mwenye nyumba. Kwa hiyo jibu halikuwa lako, wala hukulikosa. Lilikuwa lake, na alikuwa amekwisha kulisema, ukaniandikia mwenyewe mwezi wa nne: "Asije. Aketi huko asome." Hiyo ndiyo liu bu. Aliisema kwa Kiswahili kwa sababu sikumfundisha.

Basi nimebakisha hatua zangu hapa. Ninasoma. Wiki hii tumeanza moyo.

Ila man tsou yake hatujampa, mimi na wewe, na tulipaswa kumpa sisi. Ukipanda Bungoma kupalilia, simama pale umwambie kwa niaba yangu, polepole, kama anavyopenda. Na kwanza ujitambulishe, maana ni adabu. Lakini usiseme wo shi Nelima. Sema si. Asije akadhani ni mgeni.

Ndugu yako,
Enos